Printa Iliyogoma Kwenye Kipande cha 87

Mwalimu Mstaafu Rispah Kathini Muasya,
Kipande Namba 88,
Skimu ya Makazi ya Mikomani,
Msambweni.

Jumatatu, kabla ya chai.

Kwa Bwana Mwero Tembo,
Mwenyekiti, Kamati ya Ardhi,
Skimu ya Makazi ya Mikomani.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia, kwa sababu najua ukiuona mwandiko wangu utaitoa shikamoo kabla hujafika mstari wa pili. Ulikuwa mtoto wa adabu tangu nilipokufundisha darasa la tano, na hilo sitakunyima. Hesabu ndizo zilizokuwa zikikushinda. Ulikuwa ukianza vizuri, ukifika katikati unaweka kalamu chini na kuangalia dirishani. Nilidhani umri ungekutibu.

KUH: OMBI LA KUTOITENGENEZA PRINTA KUBWA YA OFISI

Nimesikia kwamba Kamati yako tukufu itakutana Alhamisi hii kuamua kama printa kubwa itengenezwe au isitengenezwe. Kitakuwa kikao cha ishirini juu ya jambo hilo. Kumi na tisa vimepita salama, hakuna mtu aliyeumia na hakuna kilichoamuliwa. Basi mimi nawaletea jibu ili mpumzike: msiitengeneze. Msiiuze, msiitupe, msiisogeze hata shubiri moja. Iacheni hapo ilipo mpaka kiama, na sababu ninazo.

Kwa kuwa naomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, na wako watakaokuja hawajui mwanzo wala mwisho, nitaeleza kwa ufupi. Printa hii ni ya mitumba. Ilikuwa ya wahandisi wa barabara, nao walipomaliza kazi yao wakatuachia. Ilikuja juu ya lori la miwa lililokuwa likirudi tupu kutoka Ramisi, ikashushwa na wanaume wanane, na upana wake unazidi kitanda cha futi tano. Kazi yake kwetu ilikuwa moja tu, kuchapa ramani ya skimu: vipande mia moja na arobaini, kila kipande na namba yake na jina la mwenyewe. Ramani ingebandikwa ukutani siku sitini, mwenye pingamizi aseme, asiye nalo anyamaze, kisha majina yaende ofisi ya ardhi na hati zitoke.

Siku ya kuiwasha tulikuwepo wote. Ikaanza kuchapa kutoka upande wa barabarani ikiteremka kuelekea mtoni. Kipande cha kwanza kikatoka, cha kumi kikatoka, cha hamsini kikatoka, akina mama wanapiga vigelegele na wewe umesimama mbele kana kwamba wino unatoka mfukoni mwako. Ilipofika kipande cha themanini na saba ikakoroma mara mbili, ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza. Mimi ni themanini na nane.

Huo ni mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Malalamiko yangu, au tuseme pongezi zangu, nimeyapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Kuhusu uchunguzi wa fundi.

Katika kikao cha tatu mlipitisha kwamba printa haiwezi kutengenezwa mpaka ijulikane inaumwa nini. Vyema. Katika kikao cha nne mkapitisha kwamba haiwezi kufunguliwa mpaka iamuliwe kuwa itatengenezwa, kwa sababu kufungua ni kuanza kutengeneza. Vyema zaidi. Ndipo alipoitwa fundi Shutu kutoka Ukunda, mtu na heshima zake, mkoba wa bisibisi begani, akaambiwa aichunguze bila kugusa kifuniko. Maskini ya Mungu aliizunguka mara mbili. Aliitegea sikio. Aliigonga mara tatu kama mtu anayechagua tikitimaji sokoni, akaandika ripoti ya mstari mmoja: "Hii machine iko na noma ndani." Katibu wako Bi Twaiba, ambaye Kiswahili chake nakijua maana nimekipanda mimi, akaisafisha katika kumbukumbu za kikao ikawa: "Mashine ina tatizo la ndani." Ripoti hiyo ilipendekezwa, ikaungwa mkono, ikapigiwa makofi.

Nami naipigia makofi. Kama daktari angetibu hivyo, wagonjwa wote wa wilaya wangekuwa na ugonjwa mmoja, na dawa yake ingekuwa kikao.

2. Kuhusu safari ya mafunzo.

Wanakamati watano walikwenda hoteli moja kule Diani kuangalia printa nzima inavyofanana, ili wakirudi wajue ya kwetu imepungukiwa na nini. Walikwenda asubuhi wakarudi magharibi, wawili kati yao wakiwa na mchanga ndani ya viatu. Niliomba ripoti, nikapewa. Ina kurasa nne. Ukurasa mmoja unahusu printa, na kurasa tatu zinahusu chakula cha mchana, na nakiri kwamba hizo tatu zimeandikwa vizuri sana. Nimejua samaki aliyekaangwa kwa ukwaju alikuja na nini na alifuatwa na nini. Kuhusu printa nimejua kwamba ni nyeupe.

3. Kuhusu kazi ambazo printa imefanya tangu iugue.

Hapa ndipo ninapoomba muwe waangalifu sana, maana mkiitengeneza mtapoteza mengi. Juu yake hukaa chupa ya chai, sahani ya mahamri na bakuli la mbaazi. Ilipovuja paa mafaili yalianikwa juu yake. Kamati ya arusi ya binti wa jirani yetu ilikatia nyama hapo, na kwa mara ya kwanza tangu ije nikaona kitu kikikamilika juu ya mashine ile. Taa yake nyekundu inawaka mchana kutwa na usiku kucha, kwa sababu hakuna azimio la kuizima, nao watu wanaopita jioni wanadhani ofisi ina mtu anayefanya kazi. Sifa hiyo pekee yatosha kuiacha ilivyo. Siku ikianza kuchapa, hiyo chupa ya chai mtaiweka wapi? Mmefikiria?

4. Kuhusu kitambaa.

Hili linaniuma, nalo nalisema bila utani. Printa ilipoletwa ilikuwa uchi, chuma kitupu, na mimi sikulelewa kuacha kitu cha maana uchi mbele ya watu. Kwangu redio ina kitambaa, meza ina kitambaa, hata mtungi wa maji una chake. Nikakaa miezi miwili nikaifumia kitambaa kwa mikono yangu na macho yangu haya ya miaka sitini na minane, uzi mweupe na wa buluu, wa buluu niliutafuta mpaka Ukunda, na pembeni nikakitia matamvua marefu yanayoning'inia karibu kufika sakafuni. Kila aliyeingia alisema ofisi imekuwa ofisi. Siku ile ya kuwasha, wewe mwenyewe ulitaka kukivua, nami nikasimama nikasema kisivuliwe, kikunjwe tu upande mmoja, kwa sababu wageni walikuwepo. Mlinisikiliza. Ilikuwa siku ya mwisho kunisikiliza.

Tangu siku hiyo kitambaa changu hakijafuliwa. Kina chai, kina mbaazi, kina alama ya sufuria. Nimemuuliza Bi Mapenzi, anayesafisha ofisi, sababu ya kukiacha hivyo, naye akanijibu kwamba hakitoki. Kitambaa hakitoki! Nikamuuliza mara ya pili, akasema, "Mwalimu, kweli nakwambia, nikikivuta chagoma, kama kimeshikwa na mtu huko ndani." Mimi nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Nimeambiwa mbuzi amekula daftari, nimeambiwa bibi amekufa mara tano katika muhula mmoja, lakini cha kitambaa kinachoshikwa na mtu ndani ya mashine sikuwahi kukisikia. Nilimwambia hivyo mbele za watu, naye akainama. Naomba Kamati imwonye juu ya uvivu.

5. Kuhusu siri.

Watu wasiojua taratibu wameuliza kwa nini ramani isipelekwe Ukunda, ambako kuna maduka yenye mashine kubwa za kuchapa mabango. Ulisimama ukasema kwa sauti nzito kwamba siri za ardhi hazichapwi mahali wanapochapa mabango ya maarusi. Sahihi kabisa. Ramani ambayo kazi yake ni kubandikwa ukutani siku sitini ili kila mpita njia aisome, hiyo ni siri kubwa, na lazima ilindwe isionekane na mtu kabla haijaonyeshwa kila mtu.

6. Kuhusu nusu ya ramani.

Katika kikao cha pili mliamua kwamba kile kipande cha karatasi kilichotoka kibandikwe "kwa kuanzia". Kikabandikwa. Siku sitini zikapita, pingamizi halikuwapo, majina ya kipande cha kwanza mpaka cha themanini na saba yakaenda mbele, na mwezi uliopita hati zikaanza kurudi. Wewe kipande chako ni cha kumi na mbili. Hati yako nimeiona sebuleni kwako, imewekwa ndani ya fremu, chini ya picha ya arusi na juu ya televisheni, nayo ni nzuri. Nilipokuja kukupongeza ulinikaribisha kwa madafu. Nikakuuliza juu yetu sisi wa chini ukasema, "Subira tu, Mwalimu, inshallah." Mwenyekiti, neno hilo akilisema imamu wetu nalipokea kwa heshima, maana yeye husema kisha huinuka akafanya. Wewe ulilisema ukaegemea kiti.

Sisemi kwamba walioko barabarani hawana haraka kwa sababu wamekwisha kupata chao. Nani amesema hivyo? Ninasema tu kwamba wanakamati ni tisa, na wote tisa vipande vyao viko upande wa barabarani, kabla ya themanini na nane. Huenda ni bahati. Kuna nyumba ambazo bahati huzijua njia zake.

7. Kuhusu kamba.

Unamjua shemeji yangu Ndeti, mdogo wa marehemu Muasya. Unajua pia kwamba Muasya, kabla hajafa, alinipeleka mbele ya chifu na mpimaji akaandikisha kipande chote kwa jina langu, kwa sababu alimjua ndugu yake kuliko sisi sote. Wewe ulikuwa shahidi, uliweka sahihi. Sasa Ndeti husema kaka yake alikuwa akimshikia tu nusu ya shamba. Nikimwambia limeandikishwa kwangu hucheka, hunijibu, "Shemeji, nionyeshe kwenye ramani." Nami namwonyesha nini? Ramani yenu inaishia kwenye ua wa jirani.

Jumamosi iliyopita alikuja na watu wawili na kamba ya katani. Hakubisha hodi. Walianza kwenye mstari wa michungwa, ile aliyoipanda Muasya mwaka tuliohamia hapa kutoka Ukambani, wakaivuta kamba mpaka chini, wakagonga vigingi vitatu. Kamba ile ilipita juu ya kaburi, Mwero. Ilipita juu ya kaburi la mume wangu, na mtu mmoja akasimama juu ya saruji ili aikaze. Nilitoka na mwiko mkononi nikashindwa kusema. Mimi, ambaye hamjawahi kuniona nimekosa neno. Nilikaa chini pale pale kwenye majani nikalia, na walipomaliza kupima wakaniaga kwa heshima, wakaniambia watarudi mwisho wa mwezi na nguzo.

Basi mjue hilo mnapokunywa chai juu ya printa. Mwisho wa mwezi umebaki siku kumi na sita.

8. Kuhusu hali yetu sisi wa 88 hadi 140.

Baada ya kufikiri sana nimekuja kuona kwamba ninyi hamna kosa, kosa ni letu. Printa ni mashine ya wahandisi, ina elimu, na ilipofika themanini na saba ikasimama kwa sababu haikuona kitu zaidi. Hatupo. Vipande vyetu hamsini na tatu ni ndoto tuliyoiota pamoja. Kwa hiyo naomba Kamati ipitishe rasmi kwamba hatupo, na ituondolee taabu za watu waliopo. Tusiitwe kuchimba msingi wa darasa. Watoto wetu wakiitwa majina shuleni wasiitikie. Mikutano ya hadhara, zamu za kulinda kisima, kubeba jeneza la mtu wa kipande cha thelathini, tusamehewe yote, maana hewa haibebi jeneza. Wakati wa uchaguzi wagombea wapite moja kwa moja, wasitusalimie. Na mtu mmoja mwenye moyo mgumu ateuliwe, aende akamwambie Muasya kwamba mahali alipozikwa hapapo, na aulizwe angependa kuhamia wapi.

Vile vipande hamsini na tatu napendekeza apewe printa mwenyewe. Kwa nini mnashtuka? Hajawahi kukosa kikao hata kimoja. Hajawahi kusinzia, hajawahi kuomba kwenda Diani, na akifika kwenye jambo asilolijua hunyamaza. Mwanakamati wa namna hiyo sijamwona Mikomani. Kwa kweli mngekuwa wakweli mngemfanya Mwenyekiti, na wewe, kijana wangu, ungewekwa pembeni ukutani na chupa ya chai kichwani, na sidhani kama wanachama wangeona tofauti mpaka wiki ya tatu.

9. Kuhusu mkosaji.

Hili ni la mwisho, nalo silifanyii mzaha. Mashine haiugui bure. Ilifika nzima, ikawaka nzima, ikachapa vipande themanini na saba bila kikohozi. Kusimama kwake mlangoni kwangu hasa si kazi ya Mungu. Kuna mkono wa mtu. Sitaji jina, lakini nadai mtu huyo atafutwe mpaka apatikane, asimame mbele ya baraza, aseme kwa kinywa chake "ni mimi niliyewakwamisha wenzangu mwaka mmoja na miezi miwili", na alipe faini kwa desturi yetu ya hapa: mbuzi beberu, mnene, asiye na kilema, achinjwe kwa utaratibu wa dini ili Mwislamu na Mkristo wote wale sahani moja. Asisamehewe kwa umri wala kwa cheo. Wala asiseme hakujua. Kutojua si udhuru. Nilikwambia hivyo darasa la tano ulipovunja kioo, ukachapwa viwili, na hukufa.

Nimemaliza. Naomba barua hii igongwe muhuri, iandikwe kwenye daftari la barua, isije ikapotea kama zile zangu tatu za kwanza, na isomwe Alhamisi neno kwa neno mbele ya wote. Mimi nitakuwa benchi la mbele.

Nisalimie mama watoto na watoto, mwambie yule wa mwisho aniletee daftari lake la hesabu nilione, isije ikawa ni ya kurithi. Nisalimie mama yako mzazi, mwambie miguu yangu inaumia lakini nitafika. Salamu kwa wanakamati wote tisa mmoja mmoja, salamu kwa wote wa barabarani waliopo, na kwa wa mtoni wasiokuwepo. Printa nayo mnisalimie, mwambieni asijisumbue kuamka.

Ni mimi niliyekufundisha kusoma barua hii,

Mwl. Rispah Kathini Muasya

Nakala:
Chifu
Imamu wa msikiti
Mchungaji wa kanisa

NYONGEZA, kwa kalamu, nikiwa kwenye kiti cha wageni hapa ofisini:

Mwero mwanangu,

Barua hii nimeileta mwenyewe saa tatu asubuhi. Twaiba ameigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaiandika kwenye daftari. Akiwa anapuliza wino ukauke, mimi nikamgeukia Mapenzi nikamwambia leo kitambaa kile kitafuliwa atake asitake, na nikaenda kukivuta kwa mkono wangu ili nimwonyeshe. Hakikutoka. Mapenzi alikunja mikono tu akaniangalia. Nikavuta tena kwa nguvu. Upande mmoja ukaja, wa pili umeingia ndani ya mashine.

Nikafungua kifuniko. Ndiyo, nimekifungua, bila azimio.

Ni matamvua yangu. Uzi wa buluu, ule niliotoka nao Ukunda, umejizungusha kwenye chuma kile ambacho kisanduku cha wino hupita juu yake kikienda na kurudi, umekaza kama kamba ya ndoo. Ni upande ule ule niliosema ukunjwe usivuliwe, kwa sababu ya wageni. Vikao kumi na tisa, fundi mmoja, safari moja ya Diani, na mkasi wa Twaiba umemaliza kazi nikiwa bado nasema "ehe, ehe" kama mjinga.

Twaiba akabonyeza, ikakoroma, ile taa nyekundu ikageuka kijani. Tukaituma ramani upya. Wino mweusi umekauka, kwa hiyo imetoka ya buluu na ina michirizi mahali pengi, lakini haikusimama. Ilipofika themanini na saba mimi nilishika meza. Ikapita. Themanini na nane, mstari wa juu kwenye michungwa, mstari wa chini mtoni, na katikati R. K. Muasya. Nimelisoma mara tatu, kisha Mapenzi akanisomea mara ya nne kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa maji. Karatasi imefika mpaka mia moja na arobaini. Twaiba ameibandika ukutani sasa hivi, na siku ya kwanza kati ya sitini ni leo.

Nikaomba nirudishiwe barua yangu nikaichome. Twaiba amekataa. Amesema kilichopokelewa kimepokelewa, na mimi ndiye niliyeandika kwamba isipotee. Nilimfundisha vizuri kupita kiasi. Ameniruhusu niongeze tu haya chini.

Basi isomwe Alhamisi yote, kuanzia marahaba mpaka hapa, usiruke mahali. Yale ya namba tisa, ya mkosaji, nitayasema kwa kinywa changu kama nilivyotaka yasemwe: ni mimi niliyewakwamisha wenzangu mwaka mmoja na miezi miwili. Mapenzi nimemwomba radhi hapa ofisini, lakini nilimwaibisha mbele za watu, na mbele za watu nitamwomba tena. Wewe nawe nimekuonea katika mengine. Ya Diani sijayafuta.

Kitambaa nimekichukua. Nitaifumia kingine, kifupi, na matamvua nimeacha.

Mbuzi ninaye, yule beberu mweupe, mnene, hana kilema. Namleta Alhamisi asubuhi. Mwalikeni na shemeji yangu Ndeti, ale ashibe, kisha asogee ukutani aisome themanini na nane yeye mwenyewe. Mwambieni aje na ile kamba yake. Mbuzi hana ya kumfungia.